Gari linatakata, kijana anarudi na kichocho

Jumamosi saa tano asubuhi, jua limeshapanda. Pikipiki nne na Noah moja zimesimama ukingoni mwa lambo, nje kidogo ya mji. Matairi ya mbele yameingia majini. Vijana wamekunja suruali hadi magotini. Mmoja ameshika brashi ya kufulia, mwingine anachota maji kwa kopo la rangi na kuyamwaga juu ya bodi. Wadogo zao, waliotumwa tu kuleta sabuni ya unga, wameshavua mashati na wanaogelea.

Mzazi wa Simiyu hahitaji kwenda mbali kuiona picha hiyo. Iwe Bariadi, Maswa, Itilima au Meatu, mvua ikinyesha barabara za udongo hugeuka tope, na ule udongo mweusi wa mbuga ukishang'ang'ania kwenye rimu hautoki kwa kupangusa. Kiangazi nacho kina vumbi lake. Chombo kinachoingiza hela hakiwezi kulala kichafu, kwa sababu abiria huchagua bodaboda inayong'aa. Dereva anataka pikipiki safi, tajiri wake anataka hesabu jioni, na kijana wa miaka 14 au 15 anataka hela ya daftari, ya vocha au ya chipsi. Hapo hakuna mwenye nia mbaya.

Tatizo lipo kwenye maji wanayosimama.

Ugonjwa wa kichocho huanzia kwa mtu mwenyewe. Mtu mwenye minyoo hiyo akikojoa majini au ukingoni, mayai huingia majini na kuanguliwa. Kinachotoka humtafuta konokono, hukua na kuongezeka ndani yake kwa wiki kadhaa, kisha hutoka kwa maelfu kikiwa na umbo jingine, kidogo kiasi kwamba jicho halioni. Vimelea hivyo hupenda mwanga. Hutoka kwa wingi kuanzia asubuhi jua linapokolea hadi mchana, saa zilezile ambazo kazi ya kuosha vyombo imepamba moto. Vikikutana na ngozi ya mtu hupenya ndani ya dakika chache. Havihitaji kidonda wala mchubuko.

Konokono wa lambo wana jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui. Baadhi ya wale wanaobeba kichocho cha mkojo, wa kundi ambalo wataalamu huliita Bulinus, wanaweza kujifukia kwenye tope lililokauka na kukaa humo hadi mvua zirudi. Kwa hiyo lambo lililokauka kabisa Septemba likajaa maji mapya Desemba halijawa salama kwa sababu ya kukauka. Maji ni mapya, wenyeji ni walewale.

Mkoa una sura mbili za ugonjwa huu. Upande wa Busega, kwenye mwambao wa Ziwa Victoria kama Lamadi, kichocho kinachojulikana zaidi ni kile cha tumbo, ambacho mayai yake hutoka kwenye kinyesi. Ukiingia bara, kuelekea Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, wanaotawala ni wale wa kibofu. Dalili inayofahamika zaidi ni damu kwenye mkojo, hasa matone ya mwisho, pamoja na maumivu wakati wa kukojoa. Kabla ya hapo kijana anaweza kuwashwa ngozi saa chache baada ya kutoka majini, kisha wiki kadhaa baadaye akapata homa na uchovu ambao nyumbani wataziita malaria.

Vijana wengi hawasemi. Kuna sehemu ambako damu kwenye mkojo wa mvulana ilizoeleka mno, hata ikachukuliwa kuwa hatua ya kukua, kama sauti kukwaruza. Mwingine ananyamaza kwa kuogopa kuonekana ana ugonjwa wa zinaa. Huku ndani mayai yanakwama kwenye kuta za kibofu, yanaleta makovu, yanaweza kuziba njia ya mkojo na kuumiza figo, na miaka mingi baadaye yanaweza kuchangia saratani ya kibofu. Mtoto anayepoteza damu kidogo kidogo pia huishiwa damu, akasinzia darasani, akaitwa mvivu.

Kwa wasichana ni vigumu zaidi kugundua. Mayai hayohayo hukwama kwenye via vya uzazi na kuleta uchafu ukeni, damu isiyo ya hedhi na maumivu. Msichana anayefua au kuchota maji kwenye lambo lile ambalo kaka yake anaoshea pikipiki anaweza kutibiwa magonjwa ya zinaa mara tatu bila nafuu, na nyumbani akaanza kutazamwa vibaya. Mama, kabla ya kumhoji binti amekuwa na nani, muulize amekuwa akiingia maji gani.

Waosha magari wa Kisumu

Ng'ambo ya ziwa hilohilo, mjini Kisumu nchini Kenya, kazi hii iliwahi kuchunguzwa kwa karibu. Wanaume waliingiza magari kwenye maji ya kina kifupi ya Ziwa Victoria na kusimama humo wakiosha, siku baada ya siku. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI), akiwemo Dk. Diana Karanja, pamoja na wenzao wa Marekani, waliwafuatilia kwa miaka. Waliwapima, wakawapa dawa ya praziquantel, wakawapima tena. Walihesabu hata magari ambayo kila mmoja ameosha, kwa sababu kila gari lilikuwa ni muda fulani wa miguu kuwa majini.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 katika jarida la kitabibu la The Lancet yalionyesha kuwa baadhi ya wanaume hao, baada ya kuambukizwa na kutibiwa mara nyingi, miili yao ilianza kujenga kinga. Wengine waliendelea kupona na kuambukizwa, kupona na kuambukizwa. Watafiti hao waliangalia pia jinsi virusi vya Ukimwi vinavyoathiri kinga hiyo.

Kisumu ni kichocho cha tumbo na Bariadi ni cha kibofu, lakini habari hiyo inamhusu mzazi wa Simiyu kwa sababu moja kubwa. Wale walikuwa watu wazima, wanapimwa na wataalamu na dawa iko mkononi, na bado wengi waliambukizwa upya kwa sababu kazi ilikuwa ileile na maji yaleyale. Kidonge hakimkingi mtu anayerudi lamboni Jumamosi inayofuata.

Kumwambia kijana aache kazi si jibu linalokaa muda mrefu pale ambapo hela yake imeshaingia kwenye bajeti ya nyumba. Kinachowezekana ni kazi kutoka majini. Na hapo kuna hoja ambayo hata tajiri wa pikipiki, asiyejali kichocho, ataielewa: chombo kilichooshewa lamboni hakitakati vizuri.

Kwa nini lambo haling'arishi

Kwenye miji mikubwa duniani yapo majengo marefu kama handaki ambamo gari huoshwa na mashine. Dereva anaingiza gari, anaweka gia huru, anaachia breki na usukani. Chini sakafuni kuna mnyororo wenye roli zinazosukuma tairi, na gari linajiendea polepole. Kwanza linanyunyiziwa dawa ya kulainisha uchafu. Linasogea. Maji ya presha yanapiga rimu na chini ya bodi. Linasogea tena, linakutana na brashi za vitambaa laini zinazozunguka, halafu linasuuzwa, na mwishoni feni kubwa zinapuliza matone yote. Dakika chache tu, limetoka.

Mwenye mashine hiyo akilalamikiwa kwamba magari yanatoka na uchafu nyuma au kwenye rimu, dawa yake ya kwanza si kuongeza maji. Fundi humwambia apunguze mwendo wa mnyororo, au asogeze bomba la sabuni nyuma zaidi ili sabuni ipate muda wa kukaa kabla ya brashi. Atakagua kipimo cha sabuni na nozeli zilizoziba. Atahakikisha maji ya kusuuzia mwisho ni safi kabisa, kwa sababu maji yaliyochujwa na kurudishwa hutumika kwenye hatua za mwanzo tu. Yakitumika mwisho huacha madoa.

Mwaka 1959 Mjerumani Herbert Sinner, mkemia wa kampuni ya Henkel, aliliweka jambo hili kwenye duara moja lenye vipande vinne: sabuni, muda, joto na msuguano. Ukipunguza kimoja, lazima uongeze kingine. Mama anayeloweka sare za shule Ijumaa usiku ili Jumamosi asizifikiche sana analijua duara hilo bila kulichora.

Sasa lirudie lambo. Maji ni mengi, lakini sabuni ikipakwa tu inamwagiwa maji papo hapo, kwa hiyo haipati muda. Joto hakuna. Kinachobaki ni msuguano, ndiyo maana kijana anasugua kwa brashi ngumu huku mchanga bado uko kwenye rangi. Chombo kinaonekana kimetakata kikiwa kimelowa. Kikikauka, ule utando wa udongo uliokuwa kwenye maji ya lambo unajitokeza, na rangi imejaa mikwaruzo ya duara ambayo haitoki tena. Mnyororo wa pikipiki uliozamishwa majini unaanza kutu, na grisi yake imebaki kwenye maji ambayo ng'ombe watakunywa jioni.

Handaki la mashine halihitajiki ili kupata matokeo ya handaki. Mpangilio wake unahamishika hadi kwenye uwanja wenye kokoto, mwinuko kidogo, mbali na lambo.

Chombo kiwekwe kivulini, bodi ipoe. Kwanza maji matupu, kuanzia juu kushuka chini, kwa mpira au pampu ya presha kama ipo, au kwa kopo lililotobolewa matundu, ili mchanga uondoke kabla ya mkono kugusa rangi. Kisha sabuni. Shampuu ya magari ni bora kuliko sabuni ya unga, ambayo hula nta ya rangi, lakini cha muhimu zaidi ni kuiacha ikae dakika chache bila kukauka. Wakati huo kijana hakai bure, anashughulikia rimu na tairi kwa brashi yake ya peke yake. Bodi husuguliwa kwa sponji au kitambaa laini, na ziwepo ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa kila kinapotoka kwenye bodi. Ndoo hii ya pili ndiyo inayopuuzwa, na tofauti inaonekana kwenye rangi. Mwisho ni maji safi, kisha kukausha kwa kitambaa kikavu badala ya kuachia jua.

Pikipiki iliyooshwa hivyo inamaliza ndoo chache tu.

Maji yatoke wapi? Yakiwepo ya bomba au kisima kirefu, mjadala umeisha. Mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani Simiyu, unaofadhiliwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi pamoja na serikali ya Ujerumani kupitia benki yake ya KfW, ulilenga wilaya za Busega, Bariadi na Itilima katika awamu ya kwanza. Mitaani, hata hivyo, kuna nyumba nyingi ambako bomba na lambo bado vinashindana kwa bei, na lambo ni bure.

Chukulia mazungumzo haya ya jioni, ambayo yangeweza kuwa ya nyumba yoyote.

"Mama, maji ya kununua yatakula hela yote. Tajiri anatoa ileile."

"Si lazima ununue, baba. Yavute lamboni kwa mpira, uyaweke kwenye simtanki, uoshee keshokutwa."

"Keshokutwa? Kwa nini nisioshee leo?"

Mama ana jibu. Vimelea vya kichocho vikishatoka kwenye konokono haviishi muda mrefu. Visipopata mtu, hufa ndani ya takribani saa 48. Maji yaliyokaa siku mbili kamili kwenye tanki au mapipa yaliyofunikwa, bila konokono ndani, hayaambukizi tena kichocho. Hayajawa ya kunywa, lakini ya kuoshea chombo yanafaa, na uzuri wa ziada ni kwamba tope limeshatuama chini, kwa hiyo yatasuuza vizuri kuliko yale ya moja kwa moja. Vijana wanaochangia tanki mbili wanaweza kuzipokezana: moja inatumika, nyingine inatulia.

Mtego uko kwenye kuchota. Kijana akiingia lamboni hadi magotini kujaza madumu, faida yote imepotea. Pampu ndogo yenye mpira ndiyo suluhisho safi, na mpira uwekewe chujio ili konokono wasivutwe. Pasipo na pampu, ndoo ifungwe kamba na kurushwa kutoka ukingoni, au mchotaji avae mabuti marefu ya mpira yasiyovuja. Kuchota alfajiri kunapunguza hatari, hakuiondoi. Kujifuta haraka kwa taulo baada ya kuingia majini pia si kinga ya kutegemea.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, mabwawa na ziwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa wa mtoto kufanya kazi, tena kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumwondoa shule. Mwenye pikipiki anayempa mtoto wa darasa la tano ufunguo na kumwonyesha lambo anavunja zote mbili kwa mara moja, na mzazi ana haki ya kumwambia hivyo kwa heshima.

Aliyekwisha kuingia majini

Kila inapofanyika kampeni ya kumeza dawa shuleni, chini ya Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Magonjwa Yaliyokuwa Hayapewi Kipaumbele, watoto hupimwa urefu kwa fimbo maalumu na kupewa vidonge vya praziquantel kulingana na urefu huo. Ni kampeni nzuri. Lakini inamkosa hasa kijana wa kwenye lambo: aliyeacha shule, aliyemaliza darasa la saba, au ambaye siku hiyo alikuwa ameenda kuosha pikipiki. Huyo anahitaji mzazi wa kumpeleka zahanati.

Kwa kichocho cha mkojo, muda wa kutoa sampuli una maana. Mayai hutoka kwa wingi zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mkojo wa alfajiri unaweza kuonekana safi kumbe mgonjwa anaumwa. Mhudumu aelezwe wazi kwamba kijana anaosha vyombo lamboni, kwa sababu bila kusema hivyo homa na uchovu vitaelekezwa kwenye malaria au UTI, na siku zitapotea.

Dawa imezwe mtoto akiwa ameshiba. Akimeza na njaa anaweza kupata kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo, na hapo ndipo uvumi kwamba dawa za shuleni zinaua watoto unapopata chakula. Praziquantel huua minyoo iliyokomaa. Ile michanga iliyoingia wiki chache zilizopita inaweza kunusurika, kwa hiyo mhudumu akisema mrudi baada ya wiki kadhaa, mrudi, hata kama damu imekoma.

Walio chini ya umri wa shule walisahaulika kwa muda mrefu. Vidonge vya kawaida ni vikubwa na vichungu, na kampeni ziliwaangalia zaidi wenye miaka mitano na kuendelea. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri tiba ya jumla ianzie miaka miwili, na mwaka 2024 likaidhinisha aina ya praziquantel iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wadogo kuanzia miezi mitatu, yenye kidonge kidogo kinachoyeyuka kwenye maji. Uliza kwenye kituo chako kama imefika. Isipokuwepo, mtoto mdogo aliyeingia majini bado anapaswa kuonwa na mganga, ambaye ataamua dozi kwa uzito wake.

Kwa hiyo yule mdogo aliyetumwa sabuni tu, akavua shati na kuingia, apelekwe siku ileile na kaka yake. Saa nne asubuhi, wakiwa wamekunywa uji.